Usihame nyumba kwa ajili ya jinamizi

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na watoto hawajambo? Huku wazima, mama anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, nikaona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza hilo la kuhama. Tafadhali usiende kulipa kodi ya miezi sita kwingine kwa sababu Bi Kidawa kasema chumba kina kitu. Macho wazi, neti unaiona, mtu kasimama mlangoni, kifua kimekandamizwa, sauti haitoki: ndiko kukabwa na jinamizi huko. Katika kila watu 100, kama 8 hivi hukabwa angalau mara moja maishani.

Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusirushe mateke ya ndotoni. Husalimika macho na msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Wewe unazinduka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto nayo haijaisha, ndiyo maana huyo mtu unamwona kabisa. Kifua je? Pumzi za usingizi wa ndoto ni fupifupi. Ukitaka kuvuta kwa nguvu, mbavu haziitikii, unadhani umekaliwa. Lakini hewa inaingia, Rehema. Hufi. Huisha yenyewe kwa sekunde kadhaa au dakika chache.

Kwa hiyo usipambane, kupambana kunazidisha hofu. Zungusha macho kushoto na kulia, pumua polepole, kisha elekeza nia yote kwenye kidole gumba cha mguu mpaka kicheze. Ayatul Kursi isome moyoni, itakutuliza. Salum mwambie akisikia unaguna akushike bega na kukuita jina. Ukishafunguka usigeuke ukalala tena papo hapo, hurudi; keti, washa taa, kunywa maji.

Ila mzizi naouona ni zamu zako. Wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, halafu unalala saa tatu asubuhi ukiwa hoi, saa ambazo mwili huota zaidi. Na chali! Wengi hukabwa wakiwa chali. Shona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, tia mpira wa tenisi, utalala ubavu tu. Kahawa ya mwisho iwe umebakiza muda wa saa sita au zaidi kabla ya kulala, maana hata zikipita saa tano hivi tangu uinywe nusu yake bado imo mwilini.

Bi Kidawa anakwambia ukeshe? Hapana, hapana. Mwaka 1995 Unguja na Pemba watu walilala nje makundi makundi kwa hofu ya popobawa, yule shetani anayesemekana kuwavamia watu usiku, na wengi walieleza haya haya yako. Kukosa usingizi ndiko kunakoalika jinamizi. Nyumba mpya utahamia na zamu zile zile, na kulala chali kule kule.

Sasa nijibu. Ukicheka sana, magoti hulegea? Usingizi hukuchukua ghafla mchana, hata ukiwa unaongea na mtu? Ikiwa ndiyo, nenda kwa daktari wiki hii, huenda ni ugonjwa wa kusinzia ghafla, si jinamizi tu. Salum anasema unakoroma? Zile dawa za huzuni uliziacha ghafla? Hayo nayo mwambie daktari, huvuruga usingizi. Na msimamizi wako, ukimwomba akuweke zamu ile ile mwezi mzima, atakubali au niongee na Mwajuma akusemee?

Wako,
Zuhura