Barua ya wazi kwa mdogo wangu: simu inayosoma mpeni, lakini nukta nundu zitangulie

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja, hasa pale uliposema kwamba, kwa kuwa simu na kompyuta za siku hizi husoma kila kitu kwa sauti, huoni sababu ya kumtaabisha mtoto wetu na nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuliwa yanayosomwa kwa vidole, wakati huu anapokaribia kuanza darasa la kwanza. Nakujibu kwa barua ya wazi kwa sababu swali hilo naulizwa na wazazi wengi katika kazi hii ya kuwafundisha wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu, na ninalowaambia wao ndilo ninalokuambia wewe: simu mpeni, kompyuta mpeni, lakini kusoma na kuandika kwa vidole kutangulie.

Sivibezi vifaa vya sauti, wala sitaki umnyang'anye mtoto simu. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, hupatikana bure kwa kompyuta za Windows. Programu kama hiyo iitwayo TalkBack imo ndani ya simu nyingi za Android, na nyingine, VoiceOver, imo ndani ya iPhone. Mwanafunzi aliyezizoea husikiliza kwa kasi ambayo mimi na wewe tungeambulia mvumo tu. Akitaka kusoma hadithi ndefu, kufuatilia habari, au kupitia kurasa nyingi za historia kabla ya mtihani, sauti humfikisha upesi kuliko njia nyingine yoyote.

Tatizo linaanza pale anayesikiliza anapotakiwa kuandika. Sauti humpa matamshi, basi. Haimwonyeshi neno linapoanzia na linapoishia, koma ilipo, wala aya mpya inapofunguka. Nimesahihisha kazi za vijana waliofikishwa sekondari kwa kusikiliza peke yake, werevu na wenye hoja nzuri, lakini wanaandika «kwasababu» na «nakadhalika» kama neno moja, «zambi» badala ya «dhambi», «abari» badala ya «habari». Hawa si wazembe. Wameandika kwa uaminifu kile walichosikia, na hakuna aliyewahi kuliweka neno lenyewe mikononi mwao. Ni kweli kwamba programu inaweza kuamriwa itaje herufi moja moja, lakini hakuna mtoto wa miaka sita atakayefanya hivyo kwa kila neno la kila sentensi, ilhali mwenzake anayeona huyakuta maneno yameandikwa kila anapofungua kitabu.

Suala hili si geni, na ndilo lililozaa nukta nundu zenyewe. Valentin Haüy alipofungua shule ya vijana wasioona mjini Paris mwaka 1785, wanafunzi walisoma herufi za kawaida zilizochapwa kwa kuinuliwa juu ya karatasi. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, kidole kilichelewa kuzitambua herufi zenye mizunguko na mikia, na mwanafunzi hakuwa na njia rahisi ya kuziandika mwenyewe. Louis Braille, aliyeumia jicho akiwa na umri wa miaka 3 kwa kifaa chenye ncha cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, na hatimaye kupoteza uwezo wa kuona kwa macho yote mawili, aliingia shuleni hapo mwaka 1819. Baadaye shule ikapokea mfumo wa Charles Barbier wa nukta 12, ambao uliwakilisha sauti za lugha badala ya tahajia. Kijana yule aliona kasoro zake upesi: nukta 12 hazikutosha chini ya ncha ya kidole kimoja, na aliyeutumia hakuweza kujua neno linaandikwaje. Kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amebuni mfumo wake wa nukta 6, na mwaka 1829 akauchapisha. Shule yenyewe iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Kwa hiyo nikisikia mzazi akisema kwamba sauti inatosha, nakumbuka kwamba wasioona wenyewe waliupima uandishi wa sauti karne mbili zilizopita na wakauona una pengo.

Umeniandikia kwamba unaogopa ugumu wake. Tazama mpangilio wake kwanza. Kila seli, yaani kisanduku cha alama moja, ina nafasi sita, tatu kushoto na tatu kulia, na kwa nafasi hizo hupatikana alama 63. Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, hutumia nukta nne za juu peke yake. Ukiongeza nukta ya chini kushoto kwa kila moja, unapata k mpaka t. Ukiongeza na ile ya chini kulia, unapata u, v, x, y na z. W iko kando kwa sababu Kifaransa cha wakati ule kilikuwa hakiitumii. Tarakimu ni zilezile herufi kumi za mwanzo, zikitanguliwa na alama maalumu ya namba. Mtoto akishaelewa utaratibu huu, hakariri tena alama moja baada ya nyingine. Wewe mwenyewe unaweza kuujifunza kwa macho, na nakusihi uujifunze, kwa maana mtoto anayeachiwa vijikaratasi na mama yake vyenye maneno mawili matatu ya nukta nundu hupata sababu ya kusoma ambayo mwalimu hawezi kumpa.

Kinachohitaji muda ni kidole. Mtoto anayeanza husugua nukta juu na chini, au hukandamiza kwa nguvu akidhani atazihisi vizuri zaidi, kumbe ndivyo anavyozidi kuzipoteza. Anayesoma vizuri hupitisha vidole kwa wepesi, kutoka kushoto kwenda kulia bila kusimama, na mikono yote miwili hufanya kazi: wa kulia unapomalizia mstari, wa kushoto umeshashuka kuutafuta mstari unaofuata. Kabla ya kufika huko, mpe shughuli za mikono nyumbani. Avue na kufunga vifungo vyake mwenyewe, atunge shanga, atenganishe mbegu za aina mbili zinazokaribiana kwa ukubwa. Tafuta kibao chenye mashimo sita na gololi sita, mwambie aweke gololi pale nukta za herufi ya kwanza ya jina lake zinapokaa. Msianze na karatasi. Nukta za karatasini zimeachana kwa takriban milimita mbili na nusu tu, na mkono ambao haujazoeshwa huona hapo ukwaru usio na maana.

Kuhusu kuandika, walimu hawakubaliani, nami nitakupa msimamo wangu. Wengine huanza na kibao cha nukta nundu na stailasi, yaani kile kibao chenye matundu kinachobana karatasi, na kijimsumari cha kutobolea. Ni kifaa chepesi, huingia mfukoni, hakihitaji umeme. Lakini kwa kuwa nukta hutobolewa kwa nyuma ili zitokeze upande wa pili, mwandishi huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, na hawezi kusoma alichoandika mpaka aitoe karatasi na kuipindua. Kwa mtoto ambaye bado hajazishika herufi vizuri, huo ni mzigo mara mbili. Mimi huanza na mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na cha nafasi katikati. Mtoto akibonyeza, nukta hutokeza juu papo hapo, naye hupeleka kidole kuhakikisha. Nimewaona wakifanya hivyo kila baada ya herufi: bonyeza, gusa, tabasamu au kunja uso, kisha endelea. Mashine ina uzito wa karibu kilo 5 na vidole vidogo huchoka, kwa hiyo vipindi viwe vifupi. Kibao na stailasi vitakuja baadaye, na lazima vije, kwa sababu mashine haibebeki kila mahali.

Hesabu ndiyo inayonifanya nisilegeze kabisa msimamo huu. Msomee mtu kwa sauti: «moja juu ya x jumlisha mbili.» Je, mbili iko chini pamoja na x, au iko kando ya sehemu yote? Hayo ni mafumbo mawili tofauti yenye majibu mawili tofauti, na sikio haliwezi kuyatenganisha bila maelezo ya ziada. Kwenye nukta nundu kuna alama ya kufungua sehemu na alama ya kuifunga, na utata unakwisha. Abraham Nemeth, mwanahisabati wa Marekani ambaye mwenyewe hakuona, alitunga utaratibu kamili wa alama za hisabati uliochapishwa mwaka 1952. Isitoshe, mwanafunzi wa hesabu hurudi nyuma kila mara: hukagua mstari wa pili, hulinganisha na wa nne, hutafuta alama ya kutoa iliyopotea. Kwa vidole anarudi anapotaka. Kwa sauti hulazimika kubeba mlinganyo mzima kichwani.

Kwa hesabu za kuanzia, mtafutieni abakasi ya wasioona, yaani fremu ya shanga za kuhesabia, ile ambayo Tim Cranmer wa Marekani, ambaye naye hakuona, aliirekebisha kutoka kwenye abakasi ya Kijapani kwa kuweka kitambaa kizito nyuma ya shanga ili zisiteleze zikiguswa. Kikokotoo kinachosema kitamsaidia akikua, lakini kwa sasa anahitaji kuzishika kumi na mamoja kwa mkono wake.

Michoro nayo isiachwe. Kuna karatasi maalumu ambayo mistari yake myeusi huvimba ikipitishwa kwenye joto, na nyumbani uzi uliogandishwa kwa gundi hufanya kazi ileile. Ila usidhani kwamba kuinua mistari ya picha ya kitabuni kunatosha. Picha inayoonyesha kitu cha mbali kuwa kidogo na cha karibu kuwa kikubwa haina maana kwa kidole. Punguza, acha yale yanayohitajika kwa somo la siku hiyo tu, na inapowezekana mpe kitu chenyewe akizunguke kwa mikono yake.

Sasa nije kwenye jicho la kushoto la mtoto, ambalo unasema bado linaona kidogo. Watu wengi wanaoitwa wasioona wana kiasi fulani cha kuona, na kiasi hicho kitumike. Yapo maandishi makubwa, kuanzia pointi 18, karatasi zenye mistari minene, kalamu nyeusi nzito, kishikio cha kuinulia kitabu ili mgongo usipinde, vikuza maandishi vya mkononi na vya skrini, na mwanga unaotoka nyuma ya bega badala ya kumpiga usoni. Swali lisiishie kwenye kama anaweza kuona herufi. Ulizeni anaweza kusoma kwa muda gani kabla macho hayajatoa machozi na kichwa hakijaanza kuuma, kwa sababu mtoto anayesoma maneno matano kwa shida leo ndiye atakayedaiwa sura nzima akifika darasa la saba. Kama huchoka upesi, afundishwe njia zote mbili kwa pamoja, maandishi makubwa na nukta nundu. Na kama anaona kidogo, tarajia atajaribu kusoma nukta kwa macho kwa kufuata vivuli vyake, kichwa kikiwa kimeinamia karatasi. Wapo wanaowafunga watoto kitambaa usoni ili kuzuia hilo. Mimi siafiki, kwa sababu humfanya mtoto auone mfumo mzima kama adhabu. Weka karatasi chini ya meza au ndani ya sanduku lililo wazi upande mmoja, mfanye iwe mchezo.

Wala usione kwamba kuchagua vidole ni kumnyima teknolojia. Kuna vifaa vya skrini ya nukta nundu vinavyounganishwa na simu au kompyuta, na pini ndogo huinuka na kushuka kuandika mstari uleule ulioko kwenye skrini. Bei yake bado ni kubwa mno kwa familia nyingi, na hilo linanisikitisha, lakini siku atakapokipata kupitia shule au kazi, atafaidi tu kama vidole vyake tayari vinasoma. Vitabu pia: Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, huruhusu taasisi zinazotambuliwa katika nchi zilizojiunga kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti na za maandishi makubwa bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kuzipeleka nchi nyingine zilizojiunga. Muulizeni mwalimu mkuu kama shule yake inapata vitabu kwa njia hiyo. Kama hajui, aanze kuuliza sasa, kwa kuwa kitabu kimoja cha kawaida huzaa majuzuu kadhaa makubwa ya nukta nundu na kukiandaa huchukua muda mrefu.

Naomba mumpeleke apimwe namna anavyotumia macho katika kusoma, siyo ugonjwa wa jicho peke yake, na majibu unitumie kabla shule haijafunguliwa. Hayo ndiyo yatakayotuambia kama tuagize karatasi zenye mistari minene pamoja na zile nzito za mashine, au za mashine tu. Gololi na kibao msivisubirishe.

Msalimie sana, mwambie mama yake mkubwa anasubiri barua yake ya kwanza.

Dada yako