Asidi Haitoi Oili: Tunavyosafisha Sakafu ya Gereji

Mwenye gereji akitupigia simu, mara nyingi dawa ameshaichagua mwenyewe: "Njooni na asidi, sakafu imekuwa nyeusi." Wazo hilo tunajua linakotoka. Fundi wa vigae akimaliza kazi hupitisha asidi, saruji iliyogandia juu inatoa povu, inatoka, vigae vinang'aa. Lakini kilichotoka pale ni saruji. Asidi inakula saruji, oili haiigusi. Imwage gerejini uone: niru, ile saruji laini ya juu, inababuka, kokoto zinaanza kuchungulia, na doa lako liko palepale, ila sasa sakafu ina vitundu vingi zaidi vya kunywea oili nyingine.

Zege ni gumu kwa macho tu. Ndani lina vinyweleo, na hunyonya oili kama andazi lililotumbukizwa kwenye mafuta kabla hayajapata moto. Kwa hiyo doa la jana na doa la mwaka juzi ni kazi mbili tofauti, na bei mbili tofauti. Niru iliyopigwa vizuri huchelewesha oili kuzama, lakini gereji za malori, kama zile za Nyakato na Igoma hapa Mwanza, niru haidumu: jeki zinaivunja, na panapovunjika ndipo oili inapoingilia.

Kuna wanaomwaga dizeli au petroli, wasugue na tambara. Grisi inalainika kweli, tambara linakuwa jeusi, fundi anaridhika. Kumbe sehemu kubwa imekuwa nyepesi na kuzama chini zaidi. Petroli ndiyo mbaya kuliko zote, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa sakafuni, unajikusanya kwenye shimo la kukagulia magari, na pembeni kuna mtu anachomelea. Hilo hatulifanyi hata mteja akisisitiza.

Sisi tunaanza pakavu. Grisi iliyoganda inakwanguliwa kwa beleshi, kisha penye oili mbichi tunamwaga vumbi la mbao, tunalikanyaga liingie, linalala hapo usiku kucha. Asubuhi linafagiwa na kufungwa kwenye viroba. Hatua hii haina mbwembwe na wengi huiruka, halafu wanalalamika sabuni haifanyi kazi. Sabuni itafanyaje kazi ikiwa imemaliza nguvu kwenye oili ambayo ingezolewa na ufagio?

Sabuni yenyewe lazima iwe kali ya upande wa magadi, siyo wa asidi: sabuni ya kuoshea injini, au kostiki soda kwa sakafu iliyokubuhu. Tunamwagia sakafu ikiwa bado na ubaridi wa asubuhi, kwa sababu jua la saa sita la Mwanza hukausha dawa kabla haijafanya lolote, na dawa iliyokauka huacha utando mweupe. Inakaa kama robo saa, tukiirowesha, ndipo inasuguliwa kwa brashi ya nyuzi ngumu za plastiki. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyoota kutu, ukajikuta umebadilisha doa jeusi kwa madoa mekundu. Maji ya kusuuzia yakiwa ya moto, kazi inakwisha nusu ya muda.

Ukitaka kostiki soda uishike mwenyewe, vaa glavu ndefu na miwani, na tia soda kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda, yatakurukia. Koroga kwenye ndoo ya plastiki. Sufuria ya alumini inatafunwa na soda hiyo na kutoa gesi inayowaka. Na jiki isikutane na asidi kwa namna yoyote ile. Gesi yake ni sumu.

Kupima kama sakafu imetakata ni rahisi. Ikishakauka, nyunyizia matone ya maji. Yakinywewa na sakafu ikawa na rangi nzito, oili imetoka. Yakikaa juu mviringo, bado ipo, turudie. Doa lisilosikia hata hivyo tunalipaka uji mzito wa chokaa na dawa, tunafunika kwa nailoni hadi kesho yake ili chokaa iivute oili juu. Lisipokubali baada ya hapo, tutakwambia ukweli: pasuliwe, pamwagwe zege jipya.

Penye alama nyeupe zilizochimbika chini ya betri, hapo ndipo asidi imeshafanya uharibifu wake. Mwagia magadi yaliyoyeyushwa mpaka povu likome, kisha ndiyo uzibe. Unga mweupe unaojirudia kila ukifagia ni chumvi zinazopandishwa na unyevu wa chini, na rangi ya epoksi ukiipaka juu yake itabanduka.

Maji machafu ndiyo yanayotupa kazi kuliko sakafu. Gereji nyingi hapa ziko kwenye mteremko. Ukifungulia mpira, kila kitu kinaingia mtaroni, kutoka mtaroni kinakwenda Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, ambako ndiko yanakotoka maji ya bomba tunayokunywa. Kwa hiyo tunaziba mlango kwa viroba vya mchanga, tunayavuta maji kwa mashine na kuyajaza kwenye madumu. Kuna wateja huuliza kwa nini sehemu hii tunaitoza. Madumu yale lazima yafikishwe mahali, na usafiri haulipwi kwa shukrani.

Bei tunaitaja tukishaiona sakafu, siyo kwa picha ya simu, maana picha haioneshi kina cha doa. Siku ya kazi tunaomba magari yote yawe nje, umeme uwepo, na tenki lijae tangu jana yake.