Paka wangu hawezi kukojoa mwenyewe, nilikwambieni

Asalam alaykum meneja,

Mie ndo mwenye Machui, yule paka wa milia aliyepooza miguu ya nyuma, niliyekuachieni hapo kwenu mnapolea wanyama wa watu, Ijumaa asubuhi kabla sijaenda bandarini Malindi, Unguja, kupanda boti ya Pemba. Naandika kwa sababu nshapiga simu mara tatu na kila anaepokea ananambia meneja katoka.

Tangu bodaboda imgonge, huu mwaka wa pili, sijalala nje ya nyumba yangu hata siku moja, harusi ya mdogo wangu Chake sikwenda. Safari hii kafariki mama mkubwa Wete, hapo huwezi kusema siendi, ndo nkakutafuteni nyie kwa vile mmetangaza mnapokea hata wanyama wagonjwa. Siku nne, elfu ishirini kwa siku, nkalipa zote elfu themanini palepale.

Nkaja na mkeka wake, pampasi, na karatasi nimeandika kila kitu. Kijana wenu nkamuonesha kwa vitendo mara mbili, mkono mmoja unamshika, mwengine unapapasa chini ya tumbo mpaka ukipate kibofu, kama ndimu hivi, unakibinya polepole mpaka kiishe, asubuhi mchana na usiku. Akasema nimeelewa dada, na akamkamua mbele yangu.

Sasa jamani Jumapili niko msibani napiga simu naambiwa hatumkamui tena, anakojoa mwenyewe, kila tukimwangalia kalowa. Nkatoka uani nkalia, watu wakajua namlilia marehemu. Kulowa si kukojoa! Kibofu kikijaa kikazidiwa kinavuja tu kidogo kidogo, kama tangi la maji lililofurika, ndani kimetuna vilevile na mkojo unakaa humo unaoza. Nkakuelezeni yote hayo kwenye simu, mkanambia sawa.

Jumanne narudi namkuta kwenye saruji tupu, mkeka wake umekunjwa juu ya kabati, mapaja yamebabuka kwa mkojo, tumbo gumu. Kumkamua, ukatoka mkojo wa damu, unanuka. Daktari wa mifugo kasema kibofu kimepata maambukizi, kampiga sindano na kampa dawa za wiki mbili, na figo nazo tuziangalie.

Yule kijana simlaumu sana, nimemuona yuko peke yake na paka wote wale na mbwa juu. Nnaokulaumuni ni nyie mliopokea pesa yangu mnajua hamna mtu wa kazi hii. Mngenambia hatuwezi ningemuomba jirani, au ningekwenda nikageuza na boti ya kesho yake.

Nirejeshieni elfu themanini zangu na gharama za daktari, risiti ninazo zote, na lile tangazo la wanyama wagonjwa mlitoe mpaka mpate mtu anaejua kukamua na anaejua kwa nini anakamua. Naomba jibu kabla ya Ijumaa. Arubaini ya mama mkubwa inakuja na mpaka sasa sina wa kumwachia Machui.