Harambee ya Antena Zinazooza: Kipimo Kwanza, Printa Baadaye

Ndugu wazazi, wanafunzi wa zamani na marafiki wa shule,

Klabu yetu ya sayansi inaomba mchango wenu ili wanafunzi watengeneze antena ambazo zikimaliza kazi zinaoza. Tunazikusudia kwa vihisi vidogo vya shambani, vile vinavyopima unyevu wa udongo na kutuma taarifa hewani. Vikishafukiwa, ni nadra mtu kurudi kuvifukua. Shaba na fiberglasi za antena za kawaida hubaki humo humo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo tu ndiyo inayojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Mwili wa antena tutauchapa kwa PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Printa ya 3D huyeyusha uzi wake kwenye joto la nyuzi 200 hivi, ikaujenga tabaka juu ya tabaka. Mchapaji ndiye anayeamua ndani pajazwe kiasi gani, na nafasi za hewa zikiongezeka, tabia ya mawimbi ndani ya plastiki hubadilika.

Tusidanganyane, lakini. PLA ikitupwa kwenye udongo wa kawaida inaweza kukaa miaka. Inachotaka ni mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Kwa hiyo tutajaribu pia karatasi nzito, ambayo huoza upesi zaidi. Njia ya umeme, yaani mistari ya wino inayochorwa juu ya mwili huo, nayo ina mtihani wake: wino wenye chembe za madini ya fedha hupitisha umeme vizuri ila madini hayo hayaozi, na wino wa kaboni hupoteza sehemu ya nguvu kama joto. Tutaanza na kaboni.

Sasa ombi lenyewe. Wengi wametushauri tununue printa. Printa tumeahidiwa ya kuazima. Tusichokuwa nacho ni kifaa cha kupimia antena, na bila hicho tutakuwa tunachapa mapambo. Wimbi la gigahezi 2.4, yaani linalotetema mara bilioni 2.4 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 12.5, na robo yake, ambayo ndiyo takriban urefu wa antena rahisi, ni sentimita 3 na kidogo. Ukikosea milimita moja tu kwenye robo hiyo, masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo antena huipokea vizuri zaidi) husogea kwa takriban asilimia 3, karibu upana wote wa mkanda wa masafa unaotumiwa na waifai. Tena karatasi hunywa maji, na antena iliyolowa hushuka masafa. Macho hayawezi kuona hayo.

Mchango wa kwanza utanunua kifaa hicho. Kitakachobaki kitaingia kwenye wino, karatasi na uzi.

Fedha zipelekwe kwa mweka hazina wa klabu, naye atatoa risiti kwa kila mchango, uwe mdogo au mkubwa. Uzi wa PLA uliobaki nusu tunaupokea pia, mradi umefungwa vizuri kwenye mfuko, maana hunyonya unyevu na kuharibu uchapaji. Michoro na vipimo vyetu, pamoja na vya antena zilizoshindwa, tutamgawia bure yeyote atakayevitaka.

Na kama wewe ni fundi wa redio, unaweza kukaa na wanafunzi jioni moja kwa wiki? Tafadhali jitaje, hata kama huna fedha za kutoa.