Malalamiko kuhusu Vipimo vya Bustani na Kutozwa Nyasi na Udongo Uliozidi

Goba,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUTOZWA NYASI NA UDONGO KUPITA ENEO LA BUSTANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipia nyasi za bustani pamoja na udongo wa kutandaza chini yake, kwa ankara mliyoiandaa baada ya fundi wenu kuja kupima. Ankara hiyo inaonyesha mita za mraba 252, ilhali eneo la kuoteshwa nyasi ni mita za mraba 200 tu.

Chanzo cha kosa kiko wazi. Fundi alivuta futikamba kwenye ukuta wa mbele akapata mita 18, akapima ukuta wa pembeni akapata mita 14, kisha akazidisha, kana kwamba bustani yangu ni mstatili. Hakufika nyuma, ambako mfereji wa maji ya mvua umeikata kwa mshazari hata ukuta wa huko ukabaki na mita 12. Pande hizo mbili zilizo sambamba zikijumlishwa, zikagawanywa kwa mbili na kuzidishwa kwa 14, jibu ni mita za mraba 210. Na atakayevuta kamba kutoka kona hadi kona atapata pembetatu mbili, ya 126 na ya 84, ambazo jumla yake ni ile ile. Hapo bado haujaondolewa mfuniko wa zege wa karo, wenye mita 4 kwa 2.5, ambao sidhani kama yupo mtu anayeotesha nyasi juu yake.

Ofisa wenu wa mauzo alinijibu kwa simu kwamba ziada hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa udongo hushuka ukishamwagiwa maji. Kwa udongo hoja hiyo ina uzito kidogo, ingawa kinachoongezwa huko ni kina, si eneo. Lakini nyasi hazishuki. Vipande vilivyobaki vimerundikwa kando ya geti, vya juu vimegeuka manjano, na vya chini ukivifunua vina joto na harufu ya kuoza. Udongo uliozidi, takriban mita za ujazo 5 kwa kina cha sentimita 10 tulichokubaliana, umeziba njia ya gari.

Kwa hiyo naomba mnirudishie Sh. 234,000 nilizolipia mita za mraba 52 za nyasi kwa bei yenu ya Sh. 4,500, mje kuuchukua udongo uliozidi na kurejesha thamani yake, na kabla ya kuagiza vitofali vya njia, mtume fundi mwingine apime pande zote nikiwepo na kuacha mchoro wenye vipimo, uliosainiwa nasi sote. Nisipopata majibu kwa maandishi ndani ya siku saba, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nimeambatisha nakala za ankara na stakabadhi ya malipo.

Wenu,
Mteja