Kuhusu ule mkataba wa huduma

Shoga yangu Rehema,

Pole na kazi mpya. Meseji yako nimeisoma jana usiku, kwamba umekuta mezani mkataba wa huduma kati ya halmashauri na hospitali ya kanisa unasubiri kuhuishwa na bosi anataka maoni yako Ijumaa. Nakuomba usiupitishe harakaharaka.

We unajua mi nimekaa dirisha la malipo hospitali teule, yani ya kanisa iliyoteuliwa kuwa hospitali ya wilaya, miaka sita. Mkataba ulikuwepo, una saini na mihuri yote, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano tunawahudumia bure afu halmashauri inatulipa. Sasa tunapeleka madai, robo mwaka inaisha, nyingine inaisha, hela hamna, mganga mfawidhi anaulizwa na wenye hospitali dawa zitanunuliwa na nini, mwisho tukaambiwa tuanze kutoza. Siku hiyo hiyo akaja mama na mtoto mgongoni anachemka, nikamtajia bei, akafungua fundo la khanga akatoa elfu nne na mia tano zimekunjwa hadi zimekuwa kama njiti, akaniuliza, dada si mlisema watoto bure? Sikuwa na jibu, nikamwandikia risiti.

Wengine wanalaumu kanisa, wengine serikali, mi naona ubovu ulikuwa kwenye mkataba wenyewe. Bei zilipangwa zamani hazijaguswa, na hakuna kipengele kinachosema madai yalipwe ndani ya siku ngapi, yani sisi tukichelewesha ripoti tunaandikiwa barua ya onyo ila halmashauri ikichelewa kulipa hakuna wa kuiuliza.

Na atakayekwambia muachane na hospitali za dini usimsikilize. Bugando, ile hospitali ya Wakatoliki kule Mwanza, ilifunguliwa 1971, mwaka uliofuata serikali ikaitaifisha, 1985 ikairudisha kwa maaskofu kwa makubaliano, na leo ndo rufaa ya kanda ya ziwa nzima. Huko kwenu je, mama akihitaji upasuaji usiku atapelekwa wapi kama si hapo misheni?

Kwa hiyo dai siku za malipo zitajwe kwa namba, bei zipitiwe kila mwaka, na orodha ya huduma za bure ibandikwe dirishani kwa maandishi makubwa. Afu uliza, zahanati za serikali tangu 2017/18 zinaingiziwa hela moja kwa moja kwenye akaunti zao, ya mkataba huu kwa nini izungukie halmashauri?

Nipigie picha kurasa zote unirushie WhatsApp, ntazisoma leo leo. Msalimie mama.

Wako,
Upendo