Shukrani kwa bi mkubwa wa gari ya Wete

Bi mkubwa uliyekaa ubavuni mwangu garini, nami nimepakata chungu chenye mmea uliolegea: ahsante sana. Jina lako sikuuliza, uniwie radhi. Uligeuza jani ukanionesha kikonyo kilivyoshika katikati, kama cha yungiyungi, kisha ua jike lenye mbawa tatu kisogoni. Ukasema hii ni Begonia nelumbiifolia, asili yake Meksiko hadi Kolombia. Mimi tunguu lake, lile shina nene la chini, nilikuwa nimelifukia, maskini, likaanza kuoza. Sasa nimelilaza juu ya udongo kama tangawizi, udongo uliochanganywa na makumbi yaliyochambuliwa, kivulini chini ya mwembe. Jana limekunjua jani kubwa kama sahani. Kipande chenye jicho nimekuwekea.